Kisigino cha Kulia

Chumba kiko Ngara, ghorofa ya pili,
juu ya duka la miwani.
Ngazi ishirini na sita. Nilizihesabu,
na kwenye kila ngazi nilitazama dari kwanza.

Syombua hakuniuliza kilichotokea.
Aliniuliza ninataka kiti kipi.
Nikachukua cha karibu na mlango,
akasogeza chake asinizibie njia.
Dawa ya siku ya kwanza ilikuwa hiyo tu.

Mimi nilikuja nimejiandaa kutapika.
Shemeji yangu Ombasa alinifunda tangu Tassia:
mficha maradhi kilio humfichua, toa yote, umalize.
Nikaanza: tulikuwa ghorofa ya nne, nyundo mkononi,
nikasikia nondo ikilia,
na taya likajifunga kama komeo,
bega la kushoto likapanda hadi sikioni
kuzuia slabu ambayo haikuwepo.

"Tusimame hapa," akasema.
"Hadithi haitakimbia.
Niambie, mwilini mwako ni wapi pasipouma?"

Pasipouma!
Miezi kumi na minne naulizwa panapouma.
Nikatafuta. Kifua, hapana.
Tumbo, zege bichi.
Shingo, usiniulize.
Nikashuka, nikashuka,
hadi nikakikuta kisigino cha kulia
kimetulia sakafuni
kama kibarua ambaye habari hazijamfikia.

"Hapa," nikasema, kwa aibu.
Hakucheka.
"Basi tutaanzia hapo. Kibonyeze kidogo.
Sakafu inakujibu nini?"

Miaka kumi na tisa namwaga sakafu za watu,
sikuwahi kuambiwa kwamba hujibu.

Ikawa hivyo wiki nyingi:
bega dakika moja, kisigino dakika tatu.
Onja, rudi. Onja, rudi.
Nikiinua kiganja ananyamaza, hata katikati ya neno.
Nilikiinua mara tano bila sababu
kuona kama ni kweli.
Ilikuwa kweli.

Siku moja nikamkasirikia.
Nauli yote hii kutoka Embakasi,
na leo pia tunazungumza na kisigino?
Akauliza, "Zege, fundi, huliondolea mbao lini?"
Nikajibu bila kufikiri:
siku ishirini na moja, ukilinywesha asubuhi na jioni.
"Na lile lenu?"

Sita.
Mwenye jengo alikuwa na wapangaji wanaongoja.
Siku ya sita. Na mikono iliyong'oa mbao
ni hii, iliyo juu ya magoti haya.

Hapo mapaja yakaanza kutetemeka,
yakatetemeka kama ya mwanambuzi
aliyezaliwa sasa hivi na anataka kusimama.
Nikataka kuyakamata.
"Yaache yamalize," akasema.
"Siku ile yalitaka kukimbia, hayakupata nafasi.
Kisigino kipo?"
Kipo.
Chini dukani mteja alikuwa anagombania fremu iliyolegea.
Yakatetemeka, yakapungua, yakaacha.
Nikapiga mwayo mrefu usio na adabu,
nikaomba maji,
nikanywa kama slabu changa saa saba mchana.

Sijapona, msinisingizie.
Lori la kokoto likipita Outering bega bado hupanda,
ila siku hizi linaijua njia ya kushuka.
Jina la Barasa sijalitaja chumbani mle.
Syombua hajaniuliza.
Liko karibu, nadhani, kwenye ulimi,
linanyweshwa.

Jana, nyuma ya soko la Mutindwa,
nilikuta vijana wamemwaga slabu ya ghorofa ya kwanza.
Miguu ikataka kuvuka barabara.
Nikabonyeza kisigino. Nikasimama.
"Mnalinywesha?" nikaita.
Mmoja akachungulia huku akitafuna muwa:
"Maji ya mfereji yamepotea tangu Jumatatu, mzee."

Nikageuka kutafuta mkokoteni wa mitungi.
Nilinunua minane.