Kidaka cha Langoni

"Nimefuta vidakani, leo vumbi limetoka,
nyuma ya sahani, chini, vidonge umeviweka,
vya Rajabu na Shabani, vyote vimekamilika!
Na jana, hapo ngazini, pumzi ilikatika."

Akanijibu: "Ni Lali, moyo wake wasumbua.
Hana bima, hana mali, dawa hawezi nunua.
Nangoja aje, ni mbali, toka Faza kuchukua.
Mimi bado nina hali: wangu wabisha, watua."

Sikumbishia. Gilasi, maji, nikampa dawa.
"Lali aje Alhamisi, kwa daktari atapewa.
Chumvi mchuzini, basi! Ndimu moja itatiwa.
Gawa vyako kwa wepesi; moyo, baba, si haluwa."