Miguu ya Gari la Bi. Lokidor

Kwenye sakafu ya karakana yetu, Nakuru, upande wa Bondeni,
nimechora gari kwa chaki.
Tumbo lake liko pale nje tayari, mabomba matupu,
na moyo wa Volkswageni iliyokufa mwaka niliozaliwa.
Kilichobaki ni miguu,
na miguu ndiyo kesi.

Kiptalam anataka mikono miwili kila gurudumu,
mmoja juu, mmoja chini,
kila tairi limeze jiwe lake
bila kumwamsha mwenzake.
Anakunja viwiko kama korongo anayetua:
"Hivi! Utateremka ukingo wa Menengai
na chai isichezecheze kikombeni."

Namuuliza, bushi kumi na sita utanunua kwa nini, kwa ndevu?
Na mkono mmoja ukipinda kule Solai, jua likizama,
atakuja kuunyoosha nani? Fisi?

Mimi nina ekseli.
Niliinyofoa kwenye Hailaksi iliyopinduka Salgaa,
nzima, nzito kama wosia,
na springi zake za majani, matano kila upande,
yamelaliana kama watoto wa kitanda kimoja.
Hii ikivunjika, gongo la mgunga na kamba ya manila
vitakufikisha kwako.

Ila ekseli haijui kutunza siri.
La kushoto likikanyaga jiwe, la kulia linainama.
Naijua tabia hiyo. Mama alipovunjika nyonga
nyumba nzima ilichechemea miaka mitatu,
hata paka.

Siku mbili hatukusemezana, Kiptalam nami.
Tuliazimana spana kwa kuashiria.

Siku ya tatu akaja mwenye gari,
daktari wa ng'ombe, viatu vya mpira hadi gotini,
kasha la chanjo kifuani kama mtoto mchanga.
Akautazama mchoro wangu, akautazama wa Kiptalam,
akauliza moja tu:
"Nikiwa peke yangu, na ni usiku?"

Kiptalam akafuta chaki kwa unyayo.
Hakufuta yote.
Aliacha mikono ya mbele.

Basi mbele tukaweka miguu ya Volkswageni yenyewe,
vyuma vinavyojisokota vikiumia na kujisokotoa vikipona,
kila gurudumu na shida zake.
Nyuma ekseli yangu, na shokomzoba mbili za kubahatisha.
Samaki mkunje angali mbichi;
chuma, mkunje angali mwekundu:
tulichomelea hadi stima ikakatika.

Alfajiri tukafunga trei ya mayai kwenye kiti,
thelathini, ya kukopa kwa Mama Nyanduko,
tukapanda njia ya kreta, ile ya majivu
ambayo mvua imeichana kama shuka kuukuu.
Yalivunjika kumi na moja.
Tuliyakaanga palepale, juu ya sufuria ya grisi iliyooshwa vibaya,
tukala bila kutazamana.

Nimetoa jani moja kila upande.
Trei ya pili: manne.
Kiptalam anasema toa lingine. Mimi nasema
likitoka lingine, mzigo utaketi juu ya ekseli
kama mgeni asiyeaga.

Tunabishana tena, kwa midomo sasa.
Mama Nyanduko amesimama mlangoni na trei ya tatu,
anataka kwanza alipwe zile mbili.