Kanyaga, Shikilia, Achia

Izidor amekuja na gari lake la kijani,
anataka balbu moja tu ya nyuma.
Nimefungua boneti kwa sababu ni tabia yangu.
Kikopo cha breki kimejaa hadi kwenye mstari,
kifuniko kimekaza, hakuna tone lililovuja,
lakini ndani mna rangi ya chai iliyolala.

"Mara ya mwisho ulibadilisha lini?"
"Mwaka ule Francka alipong'olewa jino."
Miaka sita. Nahesabu kwa vidole vyeusi.
"Lakini halijaenda popote, Zalka.
Tangu afariki limekaa ghalani.
Kilomita mia nne, labda. Angalia mwenyewe."

Wateja wote hunionyesha kilomita,
kama mtoto anayeonyesha kiganja alichonawa
na kuficha kingine.
Mafuta haya hayajui kusoma kilomita.
Yanajua mvua,
na mvua ya Bovec haina adabu:
inaingia Oktoba bila hodi,
inakaa hadi kuni za ndani zinaota ukungu.

Yana kiu, ndivyo yalivyoumbwa.
Hunywa unyevu kupitia mpira wa mabomba,
kupitia kitundu cha kifuniko,
hunywa gari likienda, hunywa gari likilala,
na usoni hakuna dalili.
Mlevi wa chinichini.

Yakiwa mapya, yapashe nyuzi mia mbili,
yatakutazama tu.
Yakishakunywa miaka yake, mia na hamsini zinatosha:
yanatokota ndani ya chuma, gizani,
yanazaa mvuke,
na mvuke hubonyea.
Unakanyaga breki, kumbe unakanyaga hewa.
Mguu unafika sakafuni
kabla gari halijapata habari.

Kaka yangu Drejc aliijua habari hiyo
akishuka Vršič, kona ya thelathini na tisa,
na jibini kumi na mbili kiti cha nyuma.
Theluji ya Machi ikampokea.
Jibini la mwisho tuliliokota Mei.
Mpaka leo anakisimulia kisa hicho kilabuni, watu wanacheka,
nami nacheka nao.
Yeye hasemi, nami sisemi,
kwamba niliyemwambia "wiki ijayo nitakubadilishia"
ni mimi.

Kwa hiyo balbu itasubiri.

Msaidizi wangu Jernej yuko kwa daktari wa meno,
Izidor anaketi mwenyewe kwenye usukani,
kofia magotini kama yuko kanisani.
Tunaanza na gurudumu la mbali.
"Kanyaga."
Nafungua skrubu. Uchafu unapita kwenye mpira,
kahawia, na viputo vinakimbizana.
"Shikilia."
Nafunga.
"Achia."
Kwenye kuachia anachelewa.
Kila mara anachelewa.

Gurudumu la tatu, sauti yake inatoka juu yangu:
"Nililifunika na blanketi lake. Lile la sufi."
"Blanketi halizuii," nasema,
halafu naichukia sauti yangu,
nalala pale sakafuni na spana kifuani
nikitazama soli ya kiatu chake
kupitia mlango uliofunguka.
"Kanyaga, Izidor."
Anakanyaga.

La nne, yanatoka meupe ya manjano,
kama asali iliyoongezwa maji, hakuna kiputo.
Pedali imesimama juu, ngumu, ina msimamo.
Anaijaribu mara tano, sita.
Naandika tarehe kwenye utepe wa karatasi,
naubandika chini ya boneti.
"Miaka miwili. Hata likilala ghalani. Miwili."
Anapiga hesabu, midomo ikicheza.
"Nitakuwa na themanini na tatu."
"Basi njoo ukiwa na themanini na tatu."

Amelipa kwa sarafu, akazihesabu mara mbili,
akaniachia ya kahawa.
Kwenye kona ya kanisa akafunga breki,
kwa nguvu kuliko ilivyohitajika,
na gari likatii.
Taa ya kulia ikawaka.
Ya kushoto tumeisahau.