Mililita Sitini

Danica alizaliwa na kilo tatu na gramu mia moja.
Wiki ya tatu mizani ya zahanati ikasema: mbili na mia tisa.
Nesi Maritza hakunikemea. Alimrudisha mtoto kwenye mizani
akampima tena, kama mtu anayehesabu upya chenji
akiomba awe alikosea mara ya kwanza.
Kisha akaandika kwenye kadi, kwa kalamu ya kijani:
titi kwanza, halafu chupa, mililita sitini.

Sitini. Nikarudi nayo nyumbani nikipambana na upepo,
huu wa Punta Arenas, unaofungiwa kamba barabarani
ili watu wazima washike wasipeperushwe.
Sikushika kamba. Mikono ilikuwa na mtoto,
na kopo la maziwa ya unga chini ya koti
kama kitu nilichoiba.

Juni huku usiku hauna haraka,
jua huamka saa nne asubuhi, tena kwa kuvutwa.
Nikachemsha chupa katika sufuria ya dengu,
nikasawazisha kijiko kwa ubapa wa kisu,
nikadondosha tone kifundoni mwa mkono.
Vuguvugu.
Si moto, si baridi. Si mimi.

Akakataa. Akaisukuma chuchu ya mpira kwa ulimi,
akageuza shingo, akanitafuta kifuani;
pua yake inanijua kuliko ninavyojijua.
"Toka kidogo," Osvaldo akasema, kwa upole,
na upole wenyewe ukanichoma.

Nikasimama jikoni bila kuwasha taa ya pili.
Akalia. Na matiti yangu, haya yaliyoshtakiwa ubahili,
yakaitika: kushoto, kisha kulia,
blauzi ikaloa, tone likaanguka sakafuni
pasipo na kinywa.
Mlikuwa wapi, nikayauliza, mchana kutwa?

Kisha kimya.
Kilio nilikivumilia. Kimya kikanishinda.

Mama mkwe, Ermelinda wa kisiwa cha Chiloé,
alikuwa mezani anamenya viazi. Siku tatu
hajaitaja chupa; alipofuta meza aliizunguka kwa kitambaa
kama bakuli la mbwa wa jirani.
Sasa, bila kuinua macho:
"Huyo anayeishika chupa humo ndani
nilimkuza kwa uji mwepesi wa ngano ya kukaanga.
Ziwa lilinikauka mwezi wa pili.
Nilimnywesha mlango nimefunga komeo.
Kanisani nikajifunika shali, nikajifanya nanyonyesha.
Miaka thelathini na minne. Basi, umejua."
Akatupa ganda kwenye ndoo.
"Nenda kamwone anavyokunywa."

Nikachungulia. Osvaldo kailaza chupa karibu sawa na sakafu,
maziwa yaje taratibu, mtoto apate kupumua.
Midomo ya Danica imebinuka vilevile anavyoibinua kwangu,
ngumi moja imekumbatia kidole gumba cha baba yake.
Niliona wivu. Naliandika neno lenyewe: wivu.
Nilimwonea mume wangu, nikakionea na kipande cha mpira
kilichonunuliwa duka la dawa, pamoja na pamba.

Saa kumi alfajiri akaamka, akaja kwangu.
Hakuuliza nani alimlisha jioni.
Akalivamia la kushoto, akalinyonya mpaka akalegea,
la kulia akalishika tu mdomoni, analala, anastuka,
anakumbuka, anavuta mara mbili, analala.

Kuna siku zile sitini hubaki ishirini.
Kuna siku huzimaliza akadai tena,
namkorogea nyingine bila kumwomba mtu radhi.
Karibu bila.

Ijumaa: kilo tatu na gramu arobaini.
Nesi Maritza akachora mstari wa kupanda, mfupi kama kope,
akatupa kalamu mezani, akajipangusa mikono
kana kwamba yeye ndiye aliyekuwa akinyonyesha.

Kituoni machozi yalinitoka.
Upepo, nikamwambia dereva wa basi.
Akatazama blauzi yangu, imeloa tena, upande mmoja,
akatazama barabara.