Somo la Siku ya Nne

Tulikuwa kumi na wawili, makoti juu ya sare.
Makete, Julai, sakitu nyeupe juu ya majani ya viazi,
na jiko la mkaa katikati ya ukumbi likitukohoza.
Siku tatu tulikuwa tumenakili:
dozi, madhara ya dozi, fomu ya rufaa na nakala zake tatu,
ulimi ukivimba fanya hivi, shingo ikikakamaa fanya vile.
Madaftari yetu yalinenepa.

Siku ya nne Sista Atuganile alifunga kitabu.
"Njooni watatu watatu," akasema.
"Mmoja aketi, wawili wamnong'oneze masikioni.
Wa kulia amtukane, wa kushoto amwamuru.
Mimi nitauliza maswali mepesi tu."

Zamu yangu ilipofika niliketi nikicheka.
Kulia, Mgaya wa Ludewa: huna maana, wanakuteta,
harufu yako wameshaisikia.
Kushoto, Enesi, mpole, anayesali hata kabla ya chai:
usimjibu, simama, wameitia sumu, simama.
Na mbele yangu yule mama, kalamu mkononi:
"Leo siku gani?
Mama yako anaitwa nani?"

Nina miaka thelathini na moja.
Mama yangu anaitwa Subilaga.
Jina lilikuja hadi kwenye meno, likageuka, likarudi.

Sista aliandika, kisha akanisomea:
"Hajui siku. Hajui mama yake. Mkaidi.
Hizo ni dakika mbili," akasema,
"na wewe umelala, umekunywa uji,
na unajua kwamba ni mchezo."
Hakuna aliyecheka. Kaa moja lilipasuka.

Nikamwona mjomba Ambindwile, kule Lwangwa,
nyuma ya jiko, kwenye migomba,
mguu mmoja ndani ya gogo lililotobolewa,
na mvua ya Rungwe, ambayo haibishi hodi, ikimshukia.
Mimi ndiye niliyempelekea ndizi.
Nilizisukuma kwa fimbo, kama nilivyoagizwa.
Mara moja aliniuliza, kwa sauti ya mtu mzima kabisa:
"Shule mmefunga?"
Nilitimua mbio.
Miaka ishirini na miwili, swali limekaa pale pale
kwenye matope, na fimbo yangu.

Mchana tukaingia wodini.
Sista alitukataza kusimama mlangoni kama mgambo.
"Tafuta kigoda. Kaa chini kuliko yeye.
Funguo mfukoni, zisilie."

Kitanda cha sita: Zefania Chaula, mkulima wa pareto,
mablanketi mawili, miezi mitano,
siku ya tisa hajaoga
kwa sababu maji, anasema, yanataja majina.
Juzi ningeandika: anakataa usafi.
Nikamuuliza, majina ya nani?
Alinitazama kama mtu aliyeinua noti kwenye mwanga
aone kama ni bandia.
"Ya wanangu," akasema. "Mmoja mmoja.
Kwa mfuatano wa kuzaliwa."

Daftari langu nene halikuwa na ukurasa wa hilo.
Nikasema, "Ni mazito kuyasikia, na asubuhi, na baridi hii."
Akasema, "Ee."
Basi. Ee.

Hakuoga siku ile.
Sindano yake ilikuwa ya Alhamisi, akachomwa Alhamisi,
na sisimulii hapa habari za mtu aliyepona.
Nasimulia kwamba tulikaa, kigoda kinanifinya,
ukungu ukipanda hadi kwenye nondo za dirisha,
na kwamba baada ya kimya kirefu aligeuza shingo
akauliza, kwa sauti ya mtu mzima kabisa:
"Kwenu viazi mmeshachimba?"

Nikajibu.
Nikajibu kirefu, kama mtu anayelipa deni na riba:
kwamba kwetu ni ndizi zaidi, na chai kidogo,
kwamba barabara ilikatika Machi,
kwamba mkungu mmoja siku hizi hauleti hata sukari,
kwamba ndiyo, watoto wamefunga shule, wako nyumbani.
Alisikiliza hadi mwisho. Akanisahihisha bei.

Nilipoinuka, funguo mfukoni
zilikuwa zimepata joto.