Kishale cha Juu

Athman Shekuwe aliniita kahawa yangu haijapoa,
ofisini kwake Langoni, kwenye uchapaji wa hati,
pale punda wakipita, mizigo hukwaruza mlango.
"Mashine hini ina kiburi," akasema.
"Naifunza kutwa, asubuhi ishasahau."

Kompyuta ya zamani, kioo cha buluu,
programu ya kuandikia isiyojua kipanya ni nini.
Ina tabia moja nzuri: ukibonyeza kishale cha juu
hukuletea amri uliyotoa mwisho,
kisha iliyoitangulia, hadi ishirini.
Ya ishirini na moja humsukuma babu yao nje.
Ndivyo inavyopaswa.
Hii ya Athman ilileta zile zile kila kukicha,
na hazikuwa zake.

Nilianza na yaliyo mepesi.
Nafasi kwenye diski: tele.
Saa ya ndani: imekufa, yadhani tuko mwaka wa themanini,
lakini saa mbovu haizuii mtu kukumbuka.
Nikaipindua kibodi, nikapuliza chumvi,
maana hapa chumvi hula shaba
kama mchwa wanavyokula boriti.
Nikaifunga programu kwa adabu, si kwa kuvuta waya.
Nikaifungua.
Zile zile.

Basi nikalitafuta faili lenyewe.
Dogo, halijazi hata ukurasa.
Tarehe: Novemba, mwaka wa mvua za Elnino.
Na ubavuni, alama: *kusoma tu*.
Kumbe kila jioni programu ilibisha hodi
na amri za Athman mkononi,
mlango usiitike,
nayo ikazimwaga njiani, isiseme.
Programu za zamani zilikuwa na haya.

"Nani alilifunga?"
"Kabla yangu alikuwapo Bi Mwanaesha, wa Mkomani.
Akichapa wasia wa watu. Hakuwa na maneno mengi."

Nikazisoma kwa mpangilio wake:

FUNGUA WASIA7
TAFUTA "chumba cha juu"
FUTA MSTARI
RUDISHA
FUTA MSTARI
RUDISHA

na kuendelea hivyo. Nilihesabu kwa kidole kiooni:
mara nane kafuta, mara nane karudisha.
Kisha HIFADHI. Kisha TOKA.

Wasia wa nani? WASIA7 haimo.
Nilipekua diski hadi uvunguni.
Huenda mwenyewe alikaa hapa nilipokaa,
mvua ikipiga, akisema toa, hapana, acha, toa.
Huenda hakuwapo mtu,
ni Mwanaesha peke yake na mstari usio wake.
Kumbukumbu ya namna hii hushika mkono,
maneno haiyashiki,
ila hayo matatu aliyoyatafuta.

"Lakini la mwisho ni RUDISHA," Athman akasema.
"La mwisho kabla ya kuhifadhi."
"Ndiyo."
"Basi mstari ulibaki."
Akatazama dari bila kukusudia,
kama aliyesikia kiti kikivutwa ghorofani.
Mji huu una vyumba vya juu vingi,
na kila chumba kina mtu aliyelala
asiyejua ni kidole cha nani kilichomlaza.

Hakutaka nilifute. Nami sikutaka.
Nikalinakili kwa jina ESHA, nikaliacha limefungwa,
kisha lile la kwanza nikaliondoa alama
na kulisafisha, liwe lake.
Mia tatu. Akanipa mia nne,
sikuuliza ile moja ni ya nini.

Tukawasha upya. Nikabonyeza kishale cha juu:
kompyuta ikalia *pii*. Hakuna kitu nyuma.
"Sasa toa amri yoyote," nikamwambia, "kesho utaikuta."

Mbele yake palikuwa na barua ya mtu ya bili ya maji.
Alifikiri kidogo.
Akachapa FUTA MSTARI.

Nikamtazama.

"Najaribu tu," akasema,
na kidole chake tayari kilikuwa kinairudisha.