Kiduara

Kompyuta yangu ilianza kuchoka Januari,
mwezi wa karo, wateja wamepanga foleni
hadi nje, kwenye vumbi la saruji
linaloshukia Tororo bila kubisha hodi.
Nilibonyeza. Kiduara kikazunguka,
kikazunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia
na kila pembe ya nyumba haimridhishi.

Nikalaumu umeme. Nikalaumu vumbi.
Nikalaumu vijana wa chuo
na flashi zao zinazolala mfukoni na njugu.
Nikaipiga kofi, la upole kwanza.

Oketcho alikuja na bisibisi ambayo hakuitumia.
Akavuta kigoda, akaitazama mashine usoni,
akauliza, "Mama Nyafwono, ukuta uko wapi?"
Maana picha yangu ya ukutani, shamba la chai,
ilikuwa imezikwa. Mafaili juu ya mafaili,
kama nguo zinazogombania kamba
siku ya jua baada ya wiki ya mvua.

Barua ya kazi. Barua ya kazi mpya.
Barua ya kazi mpya kweli.
Kadi ya harusi ya Owere, ya zambarau;
kadi ya harusi ya Owere, bibi harusi mwingine.
Mtihani wa darasa la sita
wa watoto ambao sasa wana watoto.

"Sijatupa," nikasema. "Huenda wakarudi."
"Wamerudi wangapi?"
Nikahesabu. Mmoja.
Naye alitaka risiti.

Basi akanieleza, taratibu,
kama anayemtoa mtoto mwiba:
ndani mna sahani inayozunguka, na mkono juu yake.
Nafasi ikibana, faili jipya hukatwa vipande,
hutupiwa popote penye upenyo:
kipande Mukuju, kipande Nagongera,
kichwa chake Malaba, mpakani kabisa.
Ukilifungua, mkono unakwenda kote huko
kuomba, kukusanya, mji kwa mji,
ndipo urudi kukuonyesha mstari wa kwanza.
"Si mvivu huyu," akasema. "Anatembezwa sana."

Hilo lilinichoma.
Nami nilikuwa nampiga.

Asilimia tatu tu ndiyo iliyobaki wazi.
Chumba cha kuingia ubavuubavu:
ukimkaribisha mgeni, mwenyeji asimame nje.
Hata pipa la taka lilifurika;
nilidhani nikitupa nimeondoa,
kumbe nafagia sebule, naficha uvunguni.

Tukafuta. Tukafuta mpaka saa tisa,
tukafika kwenye folda isiyo na jina.
Wasifu wa marehemu Baba. Nakala kumi na moja.
Ya kwanza ya usiku ule ule, makosa kila mstari.
Katika ya tisa kaka yangu amemwondoa mke wa pili.
Katika ya kumi nimemrudisha.
Oketcho akaachia kipanya,
akasema ana kiu ya chai, akatoka.

Nilibakiza mbili: iliyosomwa kaburini,
na ile yenye makosa.
Nyingine nilizifuta mwenyewe, moja moja,
na kila mara mashine iliniuliza, una hakika?

Sasa inafunguka
kabla sijamaliza kuuliza habari za nyumbani.
Zamani, kiduara kikizunguka, mteja alikaa,
akafungua kilemba na mambo yake:
kesi ya mpaka wa shamba, mume aliyehamia Busia,
ng'ombe aliyezaa pacha.
Jana Mwalimu Athieno alikuja kwa barua ya likizo.
Dakika nne. Akalipa, akakunja, akaenda.
Macho yake yalikuwa mekundu,
na mimi sikujua likizo ni ya nini.

Niliketi nikilitazama shamba la chai,
kijani lote, halina mtu.
Leo asubuhi pana faili moja katikati yake,
Barua mpya ya pili.
Najua pa kuliweka.
Nimeliacha hapo kwanza.